Mchekeni Hamani

Ndugu zangu wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na ninyi wa Malaba, wa Amukura, wa Dabani, wa Osukuru, hadi chini ya lile jabali la Tororo: leo nawahubiria habari ya kicheko. Kicheko cha harusini hakihitaji mhubiri. Nahubiri kicheko kinachosikika mahali palipomwagika damu.

Najua wapo watakaoikunja karatasi hii hapa hapa. Watasema kuuawa kwa watu si jambo la kuchekea, na kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Nawaheshimu, na baadhi yao ni wazee wa kanisa. Ila nawaomba kitu kimoja: wafungue kitabu cha Esta, wakisome chote kwa kikao kimoja kama watu wanavyosikiliza hadithi, kisha wanitazame usoni waniambie hawakucheka.

Hamani, aliyekwezwa juu ya wakuu wote wa mfalme Ahasuero, alipeleka barua katika majimbo 127 kwamba Wayahudi wote wauawe kwa siku moja, vijana kwa wazee, wanawake na watoto wachanga. Hiyo ni amri ya kufuta taifa. Na baada ya amri hiyo mwandishi anatuletea nini? Anatuletea mfalme aliyekosa usingizi, anasomewa kumbukumbu za serikali usiku wa manane. Anatuletea Hamani anayeulizwa, mtu ambaye mfalme anataka kumheshimu atendewe nini. Na kwa kuwa kiburi kimemziba macho, anaona anayezungumziwa ni yeye, basi anaagiza mavazi ya kifalme, farasi wa kifalme, na mtu wa kupiga mbiu. Vizuri, anaambiwa, nenda kamfanyie Mordekai Myahudi yote hayo. Akaenda! Akamvika, akampandisha, akamtembeza mjini akipiga mbiu kwa kinywa chake mwenyewe, na huku nyumbani kwake mti wa dhiraa 50 umesimamishwa kumngoja huyo huyo Mordekai. Aliyetundikwa juu yake tunamjua.

Kitabu hicho hakitaji jina la Mungu hata mara moja, na kinaishia katika damu nyingi ambayo sitaifunika. Hata hivyo Wayahudi wamekisoma kila mwaka kwenye sikukuu ya Purimu, na kila jina la Hamani linapotajwa watoto hupiga makelele na kugonga sakafu kwa miguu ili lisisikike. Watu waliowindwa karne kwa karne ndio waliotunza sikukuu ya kumcheka mwindaji.

Wala msidhani nawasimulia ya mbali. Ukitoka Tororo kwa matatu ya Mbale, kabla hujachoka kukaa umeshafika kwa Abayudaya, jamii iliyoshika dini ya Kiyahudi chini ya Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku. Wakasali kwa kujificha, wengi wakaacha, wachache wakabaki. Aprili 11, 1979, Kampala ilipotekwa na Amin akatimuliwa, jioni ile ile ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoingia. Kalenda hiyo aliipanga nani? Mimi ni mhubiri. Jibu langu mnalijua.

Basi tuingie kwenye sinema.

Ujerumani ya Hitler iliwaua Wayahudi milioni 6, na hata kabla vita havijaisha walikuwapo waliothubutu kucheka. Charlie Chaplin alivaa masharubu ya dikteta mwaka 1940 katika The Great Dictator, akacheza na dunia kama puto mpaka likampasukia. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964 alisema kwamba lau angejua ukweli wa kambi za Hitler, asingeweza kuitengeneza filamu hiyo. Maneno hayo yamenisumbua. Chaplin alimcheka Hamani wakati Hamani bado yuko kitini, na hilo lilitaka moyo. Lakini alipokuja kujua hesabu ya waliokufa, kicheko chake mwenyewe kilimkwama kooni. Ernst Lubitsch naye alitoa To Be or Not to Be mwaka 1942, waigizaji wa Warsaw wakiwazungusha Wanazi kwa nguo za maigizo. Hao ni watangulizi. Mimi nataka tukae na wa 1997.

Mwaka huo Mwitaliano Roberto Benigni alitoa La vita è bella. Baba yake mzazi alifungwa katika kambi ya Wajerumani kwa miaka miwili, na aliporudi aliwasimulia wanawe habari za huko kwa kuwachekesha, ili wasiingiwe na hofu. Mwana akakua, akamchukua baba yule akamtia kwenye filamu, akamwita Guido. Guido ni Myahudi, ana mtoto mdogo, Giosuè, na wote wawili wanatupwa kambini. Askari wa Kijerumani anaingia bwenini, anauliza nani anajua Kijerumani awatafsirie wenzake. Guido hajui hata neno moja. Ananyosha mkono! Askari anabweka sheria za kambi, na Guido anazitangaza kwa Kiitaliano kwa sauti ile ile ya kubweka: huu ni mchezo, wa kwanza kufikisha pointi 1,000 atashinda kifaru cha kweli, na pointi hukatwa kwa anayelia, kwa anayemtaka mama yake, na kwa anayeomba chakula kwa sababu ya njaa. Wafungwa wanatazamana. Mtoto anafurahi.

Vijana wa vibanda vya video, mmemtambua huyo? Huyo ni VJ! Amesimama kati ya sauti isiyoeleweka na masikio yanayongoja, anasema analoona yeye linafaa. Kazi hiyo mnaijua kuliko maprofesa wa sinema wa Roma. Upande wa Uganda VJ anaishika filamu ya Kimarekani akaitia Luganda, akaitia majina ya mitaa ya Kampala. Upande wa Kenya sauti ya DJ Afro imelea kizazi kizima kwa Kiswahili. Kule Tanzania marehemu Lufufu aliwafanya watu wajaze vibanda kwa ajili yake, si kwa ajili ya filamu. Wasomi wengine hawaitambui sanaa hii. Mimi naitambua. Mtu anayeweza kuwashika vijana waliochoka na jua la stendi, wakakaa kimya kwenye benchi la mbao saa mbili nzima, ana kipaji ambacho wahubiri wengi tungekililia.

Ndiyo maana nawadai. Nimekaa vibandani, na mnajua mnachokifanya. Mwanamke anapigwa risasi kwenye skrini, mtoto wake anamwangukia, na VJ anasema mama kachoka, kaenda kupumzika, nani atapika ugali leo? Kibanda kinalipuka kwa kicheko. Kijana aliyeketi mbele, ambaye pengine nyanya yake alimwona mtu wake akipakiwa na watu wa Amin kwenye buti la gari mwaka 1977, anacheka pamoja na wengine kwa sababu wote wanacheka. Guido alitafsiri uongo ili mtoto mmoja aishi. Wewe umetafsiri uongo ili watu 40 warudi kesho na shilingi zao. Msiniambie ni kitu kimoja.

Tena mtazameni Guido mpaka mwisho. Usiku mmoja amembeba mwanawe aliyelala, amepotea njia kwenye ukungu, na mdomo wake haujatulia, bado anamnong'onezea mtoto kwamba huenda yote haya ni ndoto. Ghafla ukungu unafunguka mbele yake na anaona mlima wa maiti. Hapo Guido ananyamaza. Mtu asiyekosa neno filamu nzima, anakosa. Anarudi nyuma hatua kwa hatua. Ewe VJ, ukiifikia sehemu hiyo, nakuomba kwa jina la Mungu aliye hai, zima maikrofoni.

Wapo manusura waliochukizwa na filamu hiyo, na wana haki yao. Auschwitz watoto wadogo wengi walipelekwa kwenye gesi siku ile ile ya kushuka treni. Hadithi za kifaru zisingetosha kumficha mtoto bwenini huko. Kambi ya Benigni ni safi mno, na mauti yake yako nyuma ya ukuta. Lakini sikubaliani na wanaosema kwa hiyo filamu ni dhambi. Guido anapopelekwa kupigwa risasi anapita mbele ya sanduku alimojificha mtoto, na kwa ajili ya macho yale mawili anatembea kwa kurusha miguu kama askari wa maonyesho. Ametuchekesha, na bili ya kicheko ameilipa mwenyewe. Filamu ambayo mchekeshaji wake amelipa naikubali.

Taika Waititi katika Jojo Rabbit ya mwaka 2019 alifanya jambo jingine ambalo kila mwandishi wa michezo ya kanisani angepaswa kulisomea. Tangu mwanzo anatuonyesha viatu vya mama wa Jojo: mama anacheza navyo, kamera inavitafuta, tunavizoea na kuvipenda. Kisha siku moja Jojo anamfuata kipepeo uwanjani, anainua macho, na viatu vile vinaning'inia sawa na kichwa chake. Hakuna anayemweleza mtazamaji kitu. Kile kile kilichotufanya tutabasamu ndicho kilichotupasua. Huko ndiko kuchanganya kicheko na msiba. Wanaobandika kichekesho kimoja hapa na kilio kimoja pale, kama vile wanagawa zamu, hawajachanganya kitu.

Jerry Lewis, mchekeshaji mkubwa wa Marekani, alipiga filamu mwaka 1972 kuhusu mchekeshaji wa sarakasi anayewaongoza watoto wa Kiyahudi kuingia kwenye chumba cha gesi huku akiwachekesha. Hakuitoa kamwe, na baadaye alisema anaionea aibu. Aibu hiyo naiheshimu, maana kicheko kinachowafanya watoto watembee kwa utulivu kuelekea mauti kinamfanyia kazi muuaji, hata kama aliyekiandika ana machozi. Msiseme mambo hayo ni ya filamu tu. Mwaka 1994, Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa redio ya kuchekesha. Ilipiga muziki mzuri. Mtangazaji wake Kantano Habimana alikuwa na ulimi wa utani ambao watu waliufungulia redio makusudi, na kwa ulimi huo huo alisukuma watu wakaue majirani zao. Walicheka kwanza. Mikono ikalegea, dhamiri ikalegea, panga likawa jepesi. Mnaotuma vichekesho vya kabila la pili kwenye magrupu ya simu kila inapokaribia kura, Kenya hata Uganda, someni sentensi hizi mara mbili.

Na sisi Waafrika Mashariki tumo ndani ya filamu za Maangamizi yale, hata kama wengi hamjui. Nirgendwo in Afrika, iliyotoka mwaka 2001 na kushinda Oscar mwaka 2003, ilipigwa Kenya, na sehemu ya mazungumzo yake ni Kiswahili. Ni hadithi ya wakili Myahudi, Walter Redlich, aliyekimbilia shambani Kenya mwaka 1938. Alimwandikia mkewe alete jokofu. Mke akaleta gauni la dansi! Huko nyikani! Tunacheka. Vita vinapoanza, Waingereza wanawakamata kwa kuwa ni Wajerumani, yaani waliomkimbia Hitler wanafungwa kama watu wa Hitler, na wanawake wanafungiwa Hoteli ya Norfolk, wanakula vizuri kuliko walivyokula uhuruni. Tunacheka tena. Halafu inakuja barua fupi kutoka kwa jamaa waliobaki Ujerumani: wanapelekwa Poland. Basi. Hakuna kambi inayoonyeshwa. Na mpishi Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, Mungu amrehemu, anapovaa joho la uwakili alilopewa na bwana yule asiye na mahakama wala nchi, unacheka na koo linakubana kwa pumzi ile ile moja. Itafuteni. Iko karibu nanyi kuliko filamu yoyote ya makomando mnayoitazama.

Lakini Hamani wetu sisi si yule wa Berlin.

Septemba 1972, wiki chache baada ya kuwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, Idi Amin alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Treni za waliofukuzwa zilipita hapa Tororo zikielekea Mombasa, na askari waliwapora njiani. Dunia ilifanya nini? Dunia ilicheka. Kule London jarida la Punch lilikuwa na safu ya Alan Coren iliyomwigiza Amin kwa Kiingereza cha kubananga. Ikakusanywa kitabu mwaka 1974, kikauzwa sana. Walimcheka nani? Walicheka lafudhi. Walicheka ngozi. Aliyekuwa ndani ya buti la gari hakuwamo kwenye kichekesho hata kwa mstari mmoja. Na Afrika ilicheka vilevile. Mwaka 1975, viongozi wa bara walipokutana Kampala, Amin alibebwa kwenye kiti na Wazungu, na watu walifurahi kwamba mbebwaji wa jana leo ni mbebaji. Sitawadanganya: picha ile hunichekesha hata leo. Ndiyo maana naiogopa.

Maana Amin mwenyewe alikuwa mchekeshaji. Katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 anapiga akodiani, anatania, anaongoza mazoezi ya vita dhidi ya Israeli kwa askari wachache na helikopta, na ukumbi mzima unajikuta unacheka naye. Kisha kuna kikao cha mawaziri, anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje kwa sauti ya mzee anayeonya kijana, na msimulizi anasema kwa utulivu kwamba baada ya wiki mbili mwili wa waziri huyo ulikutwa kwenye mto Nile. Michael Ondoga aliitwa. Sentensi hiyo moja inageuza kila kicheko ulichotoa mpaka hapo kuwa deni. Amin aliielewa nguvu ya filamu hiyo kuliko wahakiki: aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawashikilia mpaka Schroeder akakata sehemu alizotaka zikatwe. Na mwaka 1977 mtunzi wa tamthilia Byron Kawadwa, mtu aliyeweza kuwachekesha watu wa Kampala huku akiwaambia ukweli juu ya watawala, aliporudi kutoka tamasha la Lagos alichukuliwa akauawa. Muuaji hupenda kuchekesha. Kuchekwa hakuwezi.

Watu wa Tororo, sasa nawageukia ninyi. Februari 16, 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, naye siku hiyo hakufa peke yake. Aliuawa pamoja na waziri Erinayo Oryema, na pamoja na Charles Oboth Ofumbi, waziri wa mambo ya ndani, mwana wa Padhola, aliyeandika kitabu cha historia ya watu wake kabla hata Uganda haijapata uhuru. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Ajali! Eti walijaribu kumshinda nguvu dereva. Waliofungua jeneza la Luwum kule Mucwini waliona matundu ya risasi. Hivi vichekesho vya serikali, ndugu zangu, nani anavicheka tena kwa niaba yetu? Filamu ambayo ningeinunulia tiketi ingefungua na msomaji taarifa wa redio, karatasi mkononi, anajizoeza kulitamka neno ajali bila kutetemeka, anashindwa, anarudia, anashindwa tena. Ukumbi utacheka. Nyumba moja kule West Budama, redio imefunguliwa, haitacheka.

Wala msimfanye Oboth Ofumbi malaika. Aliitumikia serikali ile miaka kadhaa, akaketi mezani na Amin. Filamu ya kweli itamwonyesha mezani pale akicheka mzaha wa mkubwa wake, kwa kuwa usipocheka mzaha wa mkubwa kama yule unaonekana. Hapo ndipo kicheko na msiba vinapokuwa mwili mmoja.

Waliojaribu wamejaribu. Sharad Patel alitengeneza filamu ya kuinuka na kuanguka kwa Amin, ikatoka mwaka 1981, Mkenya Joseph Olita akiwa Amin mwenyewe. Wengi wetu tuliiona utotoni na ikatunyima usingizi, lakini zimwi halimfundishi mtu kitu, linamfunza tu kuogopa giza. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ni bora, imepigwa Uganda, na Forest Whitaker alistahili ile Oscar. Nusu ya kwanza anakuchekesha mpaka unampenda. Ila roho ya filamu ni ya daktari Mskoti ambaye hakuwahi kuwapo, na Waganda wanakufa pembeni ya safari yake.

Kwa hiyo nani atatengeneza ya mpakani? Sikilizeni utajiri mlioukalia. Mwaka 1975 baridi iliua mikahawa ya Brazil, bei ikapaa, kahawa ya Uganda ikavuka usiku kuja Kenya, Chepkube kule Bungoma ikajaa pesa ambazo watu hawakujua pa kuziweka. Na kurudi upande wa pili kulikuwa na chumvi, sukari na sabuni. Amin akaamuru wafanyao magendo wapigwe risasi. Februari 1976 akadai ardhi ya Kenya mpaka karibu na Nairobi, na mtu wa Busia aliyelala Mkenya akaamshwa na redio ikimwambia ni Mganda. (Cha ajabu, mpaka mwaka 1902 eneo hili lilikuwa kweli chini ya Uganda, shetani naye husoma historia.) Machi 1979 wapinzani wake waliishambulia Tororo kabla hata Watanzania hawajaikaribia Kampala. Kijana mwenye kamera, piga picha hii: msafara wa mazishi unaelekea mpakani, wanawake wanalia kwa ustadi, jeneza ni zito kuliko kawaida kwa sababu ndani kuna kahawa. Askari kizuizini anavua kofia, anaguswa, anajitolea kusaidia kubeba. Wacha watu wacheke mpaka washike mbavu. Wiki inayofuata msafara ule ule unarudi njia ile ile, kizuizi kile kile, na safari hii jeneza ni jepesi, kwa kuwa aliyemo ni kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi akibeba kilo chache. Askari yule anadhani ni kahawa tena. Anacheka. Anakonyeza.

Ukiweza kuandika kinachofuata hapo bila kukwepa, nitakuja kukuombea mimi mwenyewe siku ya kwanza ya kupiga picha.

Na mamlaka ya kucheka hivyo mnayo tayari. Waulizeni Watanzania habari ya watani. Msibani mtani huja akamwigiza marehemu, akaiga mwendo wake na ubahili wake, akawatoza wafiwa pesa kwa mzaha, na waliokuwa wakilia wanacheka na kamasi puani. Hakuna anayemfukuza, kwa kuwa mtani huyo ndiye huyo huyo anayeshika jembe na kuchimba kaburi. Kwetu huku nimeona wajukuu wakivaa koti la babu na kukohoa kama yeye mbele ya jeneza lake. Wanachekesha mwili ukiwa pale pale, katikati, umefunuliwa uso. Yule anayesimama nje ya boma akarusha utani kisha akashika njia, asiyemjua marehemu jina wala hajagusa mpini, huyo hatumwiti mtani.

Basi mkishika maikrofoni, shikeni na jembe. VJ, mcheke askari anayejigamba, mcheke dikteta na medali zake zinazomburuta kifua, mtie majina yote ya kejeli uliyopewa na Mungu. Na mwili unapoanguka, mpe yule aliyeanguka jina. Hata kama filamu haikumpa. Sema: huyu alikuwa mama wa mtu. Tuone kama kibanda kitakukimbia. Kijana unayemwigiza Amin kwenye simu kwa lafudhi nzito ili upate wafuasi, umelijua hata jina moja la mtu aliyeuawa na watu wake? Tafuta moja kabla ya video inayofuata. Wachungaji mnaozuia michezo ya kuchekesha wiki ya Pasaka, kumbukeni waliocheka Ijumaa Kuu ya kwanza: kikosi kizima cha askari, joho jekundu, taji la miiba, magoti yakipigwa kwa dhihaka. Kicheko kile cha muuaji tunakisoma madhabahuni kila mwaka. Kwa nini kicheko cha aliyeokoka kisipate nafasi? Mtaniambia Askofu Festo Kivengere, aliyeikimbia nchi baada ya kifo cha Luwum, aliandika kitabu kikiitwa I Love Idi Amin. Aliandika, na nakipokea. Eliya naye aliwadhihaki manabii wa Baali juu ya Karmeli adhuhuri. Moyo uliosamehe una haki ya kuona kwamba Hamani amevaa suruali kinyume.

Na ninyi wazee wangu wa Rubongi, wa Nagongera, wa Marachi na Sofia: mmetuchekesha sana. Mmetusimulia mlivyokimbia na mkeka kichwani badala ya mtoto, mlivyoficha sabuni kwenye mtungi wa pombe, mlivyomdanganya askari kwa Kiswahili chake mwenyewe. Tumecheka miaka 40. Halafu mnanyamaza, mnaomba maji, mnauliza mvua itanyesha lini. Sisi tunajua kuna waliokuwa pamoja nanyi usiku ule ambao hawamo kwenye nusu ya pili ya hadithi. Malizieni. Chekesheni kama mlivyozoea, kisha msiombe maji.

Februari 16 Uganda hupumzika kazi kumkumbuka Luwum. Mwenye kibanda, jioni hiyo weka filamu ya Schroeder au ya Benigni, yoyote utakayoipata, na usitoze kiingilio. Wakaribishe wazee wakae benchi la mbele. Waache vijana wacheke wanavyotaka. Ikiisha, usiweke nyingine haraka; washa taa, mpe mzee mmoja maikrofoni ya VJ, na umuulize ni nani alikuwa naye.